Sahihi ya Madam Noriko

Truphena Kageha alijifunza Kijapani kwa miaka miwili, na sentensi ndefu ya kwanza aliyoisoma bila kusaidiwa na mtu ilikuwa inamkataa.

Aliisoma jikoni, saa nne asubuhi, mikono imejaa unga. Tableti ya mapishi ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari ikimwonyesha namna ya kukata figili, ndipo barua pepe ya mwenye nyumba ikashuka juu ya kioo. Truphena hakuwa mtu wa kuchungulia barua za watu. Lakini ukishajua kusoma huwezi kuyaamuru macho yasisome, na neno Afrika kwa herufi za Kijapani alilijua kama jina lake. Akaifuata mistari polepole, kidole kikienda hewani. Mpango wa miji ya Afrika umefutwa, barua ilisema, ushindi ni wetu sote. Asante, Kitagawa Noriko, uliyetia sahihi ya kuupinga tarehe ishirini na sita Agosti.

Kitagawa Noriko ndiye Madam wake. Ndiye aliyemwahidi barua.

Tuielewe kwanza hiyo barua, maana bila hiyo hasira ya Truphena itaonekana ya bure. Mama yake Madam, Bibi Fumie, ana miaka themanini na minne na anaishi peke yake katika mji mdogo wa kaskazini mwa Japani, kule theluji inakoziba madirisha. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi. Mjini kwake kuna nyumba ya kulelea wazee yenye ghorofa tatu, na ghorofa ya tatu imefungwa. Vitanda vipo, mashuka yapo, wazee wa kulala wako foleni. Watu wa kuwahudumia ndio hawapo. Vijana walishakwenda zao Tokyo. Mkuu wa nyumba hiyo, bwana aliyesoma na Madam darasa moja, alikuwa amesema wazi kwamba akipata wahudumu wanne ataifungua ghorofa, na Bibi Fumie atakuwa wa kwanza kupata kitanda. Watatu alishawapata kutoka Vietnam. Wa nne angekuwa Truphena. Mtihani wa lugha alikuwa ameshaufaulu, wa kazi angeufanya akirudi nyumbani. Kilichobaki ni barua ya mwajiri, karatasi moja tu yenye sahihi, ya kusema huyu namfahamu na kazi yake naijua. Ilitakiwa ifike kabla Oktoba haijaisha.

Na kazi yake, nani aliijua kuliko Madam?

Truphena alifika Riyadh miaka sita nyuma akitokea Vihiga, akaangukia nyumba moja ya Al-Naseem yenye watu kumi na mmoja na Hajja mmoja aliyepooza upande. Mkataba ulisema usafi. Kazi aliyoikuta ni Hajja. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, akamwosha, akampaka mafuta, akamlisha uji kwa kijiko cha chai. Miaka miwili na nusu kitandani, na Hajja hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Siku moja daktari alimwuliza binti wa Hajja, Nada, wamemwajiri nesi gani. Nada akacheka. "Mafi nesi," akasema, yaani hakuna nesi. "Ni shaghala, mfanyakazi wa ndani tu." Truphena alikuwa amesimama pale pale na beseni la maji mkononi, na kicheko hicho hakukisahau.

Hajja alipofariki, ikama ya Truphena, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi, ikahamishiwa kwa Bwana Kitagawa, meneja wa kampuni ya mitambo ya maji yenye ofisi Olaya. Nyumba ya Wajapani ilikuwa na watu wawili tu, mke na mume, na vumbi kidogo. Madam Noriko alikuwa mpole, wa sauti ya chini, na alipenda kukaa jikoni. Alipoisikia habari ya Hajja hakucheka. Alimwuliza kama angeweza kuzungumza na mama yake.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila siku saa saba mchana, wakati Japani jua limeshazama, simu iliegemezwa kwenye kikapu cha matunda na uso wa Bibi Fumie ukatokea, mdogo, umejikunja, una macho makali. Truphena alimwongoza kwa Kijapani chake cha kuungaunga: kunja goti, geukia dirishani, kunywa maji, yote, usinidanganye nakuona. Bibi alimwita Turu-san kwa sababu jina zima lilimshinda. Alilalamika, akanuna, kisha akafanya alichoambiwa. Na kila siku, kabla ya kuaga, aliuliza swali lile lile: "Unakuja lini?"

"Karibu, Bibi," Truphena alimjibu. Madam alikuwa hapo pembeni, anatabasamu.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai wa huko Japani. Televisheni ya nyumba ile haikuzimwa, stesheni ya kwao asubuhi hadi jioni, na Truphena alijifunza maneno mengi kutoka kwenye mabango: kura, kodi, mchele, kupinga. Chama kimoja kilipita mitaani kikipaza sauti kwamba Wajapani kwanza, na kikavuna viti ambavyo hakuna aliyevitazamia. Madam alimtafsiria huku anamenya kitunguu. Bei zimepanda, alisema, na watu wana hofu, wanatafuta wa kumlaumu.

"Kila mahali ni hivyo, Madam," Truphena alisema. "Hata kwetu wakati wa kura tunalaumu jirani."

Wakacheka wote wawili.

Agosti, viongozi wa Afrika wakakutana na wenyeji wao Yokohama, na shirika la ushirikiano la Japani likatangaza kwamba miji minne ya huko itafungamanishwa na nchi nne za Afrika. Kila mji utakuwa nyumbani kwa nchi yake, ndivyo walivyoupamba mpango wao. Vijana watembeleane, wacheze, wajifunze ufundi. Basi. Hakukuwa na viza wala ardhi, hakukuwa na kuhamia. Tanzania ikapangiwa mji mmoja wa kaskazini ambao Bibi Fumie anaweza kuufikia kwa basi, na Truphena alipousikia alipiga makofi kwa furaha.

Hapo ndipo alipoponzwa na mdomo wake. Wakenya wa Riyadh hawaandiki. Nani ana muda wa kuandika na mikono imelowa? Wanarekodi. Wana kundi lao la simu, wanawake mia tatu na zaidi, na kila mtu ana zamu yake isiyo rasmi: yupo wa kutangaza nyumba mbaya za kuepukwa, yupo wa maombi, yupo wa umbea. Truphena alikuwa wa Japani. Ijumaa ile, ndani ya metro akienda Olaya kukutana na wenzake, alisogeza simu mdomoni.

"Wasichana, sasa! Leo niko na habari moto. Japan wamepatia Watanzania mji mzima! Mzima, na theluji yake! Sisi Wakenya tumeachwa mataani tena, mko wapi wabunge wetu? Lakini mimi sijali. Nikifika nitasema natoka Arusha, nani atajua? Yalla, pakieni masweta!"

Ulikuwa utani. Mkenya yeyote aliyeusikia alijua ni utani. Shida ni kwamba sauti haikukaa kwa Wakenya.

Siku ya nne akapigiwa simu na Mwanakhamis wa Jeddah. Huyu alikuwa mama wa Kizanzibari wa mtaa wa Aziziya. Walijuana Ramadhani moja waajiri wake wa Al-Naseem walipopanga nyumba huko Jeddah, ukuta kwa ukuta na kwake, na tangu hapo alimchukua Truphena kama mwanawe.

"Truphena mwanangu, sauti yako leo nimeletewa na watu watatu, na mmoja yuko Unguja. Wanauliza huo mji fomu zake zachukuliwa wapi. Umefanya nini wewe?"

"Mama, si nilikuwa nacheka tu!"

"Umecheka wewe. Wenzio hawakucheka." Akavuta pumzi. "Nsikilize. Sisi tumekuja huku mwaka wa sitini na nne, mie niko mgongoni kwa mama. Nna wajukuu waliozaliwa hapa hapa Jeddah. Na hadi leo nikenda dukani naulizwa, nyinyi kwenu wapi? Usifanye mchezo na mji wa mtu. Mtu ukimgusia mji wake hugeuka akawa mwengine."

Alisema kweli. Maana huko Japani nako habari ilikuwa imeshageuka. Watu waliambiana mtandaoni kwamba Waafrika wanaletwa kwa maelfu, kwamba miji imegawiwa. Ofisi za halmashauri zikazidiwa na simu za matusi, waandamanaji wakasimama Tokyo mbele ya lile shirika. Mtu mmoja Japani akalia wanakuja, mtu mmoja Riyadh akashangilia twende, na hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Halafu kuna mshenzi fulani, hajulikani hadi leo, aliyeitia sauti ya Truphena maandishi ya Kijapani na kuirusha huko. Utani wa masweta ukawa amri ya kuvamia. Utani wa Arusha ukawa ushahidi wa vyeti feki.

Mwanzoni mwa Septemba Madam akaweka simu juu ya meza ya jikoni na kuibonyeza. "Pakieni masweta!" ikasema simu.

"Hii ni sauti yako?"

"Ndiyo, Madam. Ni utani. Wote walijua ni utani."

"Mimi najua," Madam alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Lakini kule nyumbani hawajui. Nimetumiwa na mwanamke wa mtaa wa mama yangu." Akaitazama meza. "Kuhusu barua. Naona tungoje kidogo, mambo yatulie. Baada ya sauti hii, ni vigumu kwangu."

Truphena aliomba msamaha. Aliomba siku ile, akaomba kesho yake, akaomba tena Ijumaa, ameinamisha kichwa kama wanavyofanya wao. Hakulala vizuri mwezi mzima. Alijiona mjinga aliyelikata tawi alilolikalia kwa kuropoka, akajitoa hata kwenye lile kundi, na wenzake wakamwona amewadharau. Kila saa saba mchana Bibi Fumie aliuliza unakuja lini, na Truphena alijibu karibu huku uso unamwaka kwa aibu.

Sasa ikaja hii barua pepe ya asante. Tarehe ishirini na sita Agosti! Madam alitia sahihi siku ile, na ile sauti hakuisikia hadi Septemba. Alikuwa ameshamkataa kabla ya utani kumfikia. Kisha akapata kisingizio, akakishika, akamwacha mtu mzima ainame mara tatu jikoni kwake kuomba msamaha wa kosa ambalo halikuwa sababu.

Truphena hakukata figili tena. Alinawa mikono, akaibeba tableti hadi sebuleni, akaiweka mapajani mwa Madam.

"Nimeisoma," akasema. "Yote. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Madam aligeuka rangi. Bwana Kitagawa, aliyekuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya mafua, alilinyanyua gazeti lake juu zaidi.

"Kundi la darasa letu wote walitia sahihi," Madam alisema. "Asiyetia anaonekana. Mama yangu anaishi pale, Truphena-san. Watamsema."

"Uliniacha nikuombe msamaha."

"Haikukuhusu wewe. Wewe ni tofauti."

"Tofauti!" Hapo Truphena alipaza sauti, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. "Mkinitaka kazi, mimi ni tofauti. Mkitaka kunikataa, mimi ni Afrika. Unajua mama yako anakojoa mara ngapi kwa siku? Mimi najua! Hao wa darasa lenu wanajua?"

"Ni siasa tu," Bwana Kitagawa alisema nyuma ya gazeti. "Itapita."

Truphena alimtazama mtu huyo, na ile *tu* yake, akahisi angemtupia kikombe. Hakumtupia. Alirudi jikoni akamaliza figili, vipande vinene, vibaya, na wakala hivyo hivyo.

Utauliza kwa nini hakufunga virago. Kwa sababu Oktoba ilikuwa haijaisha, na mtu mwenye tumaini huvumilia upuuzi mwingi. Oktoba Japani ikapata waziri mkuu mpya, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, na Madam alimwita Truphena aje aone, ana machozi ya furaha. Serikali hiyo hiyo ikamteua waziri wa kushughulikia mambo ya wageni wanaoishi nchini. Truphena akauliza, na barua? Tuone kwanza serikali mpya itasemaje, Madam akajibu. Tarehe ishirini na nne akauliza. Ishirini na nane akauliza. Tarehe thelathini na moja ilikuwa Ijumaa. Aliamka, akapiga pasi mashati ya Bwana, na hakuuliza tena. Wahudumu wa Vietnam walibaki watatu. Ghorofa haikufunguliwa.

Novemba waziri mkuu huyo akaigusia Taiwan, ugomvi ukahamia kwa Wachina. Televisheni ilikuwa Taiwan asubuhi, Taiwan mchana: Beijing imewaambia watu wake wasiende Japani, Beijing haitaki samaki wa Japani. Bwana Kitagawa alikuja na sura ya msiba kila jioni kwa ajili ya hao samaki. Barua ya Truphena haikutajwa na mtu katika nyumba ile.

Kisha Bibi Fumie akaanguka.

Aliteleza akitoka kuoga, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani alipoona taa haijawashwa. Nyonga ya pili. Hospitali ikamweka, ikasema itamtoa baada ya wiki mbili, na hatasimama tena. Ile nyumba ya wazee haikuwa na kitanda. Madam akakata tiketi ya Jumamosi, na Alhamisi mchana akamfuata Truphena aliyekuwa anaanua nguo.

"Nifundishe," alisema. "Kumgeuza. Kumwosha. Kila kitu ulichomfanyia yule Hajja."

"Mimi ni mgeni, Madam. Waulize wa darasa lenu."

Madam aliinama. Aliinama chini kabisa, na alibaki hivyo. Truphena alisimama na mashuka mikononi, akitaka kumwacha aendelee kuinama hadi jioni. Lakini yule bibi alikuwa amemkosea nini? Alikuwa amelala huko na nyonga mbili mbovu, na mtu wa kumgeuza angekuwa huyu huyu asiyejua kitu.

"Lala chini," Truphena akasema.

Akamlaza Madam kwenye zulia la sebuleni. Akamkunja goti, akampitisha mkono kifuani, akashika bega na nyonga, akamvuta upande wake kwa pumzi moja. Mwili ulikuja mwepesi. "Umeona? Sivuti kwa mikono, navuta kwa kurudi nyuma. Sasa mimi." Akalala yeye, akajilegeza kama Hajja. Madam alivuta bega nyonga ikabaki. Akavuta nyonga mkono ukakwama chini. "Umenivunja," Truphena alisema akiangalia dari. "Tena." Mara ya sita Madam alimwangukia. Mara ya tisa alishika kiuno chake mwenyewe akiguna. Truphena hakumhurumia, na hakujifanya anamhurumia.

"Kila saa mbili," alimwambia. "Mchana na usiku. Ukilala ukapitiliza, mgongo wake unaoza. Tena."

"Siwezi," Madam alisema, na akaanza kulia, amelala ubavu kwenye zulia lake, nywele zimemganda usoni. "Peke yangu siwezi."

Simu ikalia. Ilikuwa saa saba. Truphena aliichukua kutoka kwenye kikapu cha matunda, na uso wa Bibi Fumie ukatokea juu ya mto wa hospitali, umepungua zaidi, macho yale yale.

"Turu-san," alisema. "Noriko anakuja Jumamosi. Mnakuja wote?"

Madam alimtazama Truphena kutoka sakafuni, akatikisa kichwa kidogo, akimsihi. Akalidaka yeye swali hilo kutoka pale chini: "Mama, Truphena-san ana kazi nyingi huku. Labda baadaye."

Miezi mitatu Truphena alikuwa anamwambia bibi yule karibu, karibu.

"Sina kazi nyingi, Bibi," alisema kwa Kijapani, kile cha kuungaunga, neno moja moja. "Siji. Barua yangu haikuandikwa. Noriko-san alitia sahihi watu wa Afrika wasije."

Nyuma ya Bibi Fumie kengele ya wodi ililia, haikujibiwa, ikalia tena.

"Noriko yuko hapo?"

"Yuko. Amelala chini. Namfundisha kukugeuza."

"Anaweza?"

Truphena alimtazama Madam.

"Hawezi," alisema.

Akamwekea Madam simu mkononi, akaenda jikoni kuepua wali.